Kubadilisha oili ya difu kwenye gari la spidi hapa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye Subaru STI, Lancer Evolution, Skyline, M3 na magari ya jamaa hiyo huyauliza gereji kila mara. Injini hujuliwa hali kila siku, lakini difu hukumbukwa ikianza kulia. Ukiwa na haraka, anza na swali la "Nitajuaje difu yangu ni ya aina gani?", kwa sababu makosa mengi ya oili huzaliwa hapo.

## Misingi

Difu ni kitu gani, na oili yake ina kazi gani?

Ni lile kasha la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, propela (mhimili unaoleta nguvu kutoka giaboksi) inakoishia. Ndani yake pinioni (gia ndogo) huzungusha krauni (gia kubwa). Hapo nguvu ya injini hugeuzwa upande kuelekea magurudumuni, na kila gurudumu huachiwa lizunguke kwa mwendo wake gari linapokata kona.

Meno ya krauni na pinioni ni ya aina ya haipoidi: hayabingirishani tu, huburuzana pia, tena kwa shinikizo kubwa. Oili ya kawaida ingebanwa ikatoka yote, chuma kikasaga chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa kemikali za salfa na fosforasi, ambazo joto likipanda hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Ile harufu ya yai viza unayoisikia ukifungua nati ni hiyo salfa. Haimaanishi oili imeoza.

Nimeambiwa oili ya difu huwekwa mara moja ikaisha habari. Kweli?

Watengenezaji kadhaa huandika hivyo, BMW wakiwemo. Lakini BMW hao hao, kwenye magari yao ya M, huagiza oili ya difu ibadilishwe katika huduma ya kwanza ya kilomita 2,000, kwa sababu gia mpya zinapozoeana hutoa unga wa chuma. Maisha yanayosemwa ni ya mnunuzi wa kwanza. Wewe uliyelinunua gari likiwa na kilomita 90,000 uko kwenye maisha mengine kabisa.

Basi nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi?

Fuata kitabu cha gari kama unacho. Kama huna, na gari ni la kwendea kazini na kutembelea Mtwapa jioni, kilomita 40,000 ni sawa. Ukilikimbiza kweli, au ukienda Nairobi na kurudi mara kwa mara huku umelikanyaga, shusha hadi 20,000. Difu yenye LSD ya klachi (LSD ni kifaa kinachozuia gurudumu moja kuzunguka bure) iliyofungwa mpya ibadilishwe mapema zaidi, kilomita 1,000 hivi za mwanzo, kisha uendelee na ratiba.

Kilomita hazina maana gari likishaingia kwenye maji. Soma sehemu ya maji na chumvi.

Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele. Nati ya difu iko wapi?

Huna difu ya peke yake. Kwenye Civic Type R na Golf GTI, difu imo ndani ya giaboksi, na kwa giaboksi ya mkono zinatumia oili moja. Subaru ya giaboksi ya mkono nayo ni hivyo kwa upande wa mbele: difu ya mbele inakunywa oili ya giaboksi, ya nyuma ina yake. Wengi hubadilisha ya nyuma wakadhani wamemaliza.

Nimelitoa gari bandarini juzi. Lina haja?

Lina haja. Hujui liliendeshwaje Japani wala oili iliyomo ni ya lini. Mwaga zote: injini, giaboksi, difu, maji ya breki.

Magari ya zamani ndiyo yenye mtihani zaidi. Kwa kuwa Kenya haikubali gari lililopita miaka 8, na Evo (Lancer Evolution) ziliacha kuundwa katikati ya miaka ya 2010, kila Evo unayouziwa leo imeshapita mikono kadhaa humu humu nchini. Magari haya yalipata mapenzi kwetu kupitia Safari Rally. Tommi Mäkinen alishinda na Lancer mwaka 1996, Colin McRae akashinda na Impreza 1997, na tangu hapo kila kijana akitia bomba la egzosi anajihisi yuko Naivasha kwenye mbio hizo. Mapenzi hayo ndiyo yaliyozisaga difu hizi. Usimwamini muuzaji kwa neno. Mwaga oili uione.

## Kuijua difu na kuchagua oili

Nitajuaje difu yangu ni ya aina gani?

Hili ndilo swali la kwanza kabla hujaingia duka la spea. Difu za magari ya spidi ni za aina nne hivi, na kila moja ina matakwa yake.

Ya wazi haina kizuizi chochote. Gurudumu likikosa mshiko, nguvu yote inaishia hapo. Hii huridhika na GL-5 (daraja la oili ya difu, tazama swali lake hapa chini) yoyote nzuri. LSD ya klachi ina sahani zinazobanana, na ndiyo inayodai oili maalumu. LSD ya gia, maarufu kwa jina la Torsen, hutumia gia tupu bila klachi. Iko kwenye Supra ya miaka ya 1990 zenye turbo na giaboksi ya gia 6, na kwenye STI za miaka ya karibuni kwa upande wa nyuma. Ya nne ni ya viskasi, kama ya Nissan 350Z: ina kikombe kilichofungwa chenye majimaji ya silikoni ndani, na oili unayotia wewe haikifikii.

Chunguza kasha lenyewe kwanza. Difu nyingi za Japani zenye LSD huwa na kibandiko au kibati karibu na nati ya kujazia, kinachosema oili ya LSD pekee ndiyo itiwe. Kama kimeliwa na kutu, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gari juu ya stendi, tia gia, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. Lingine likizunguka kinyume bila shida, huenda difu ni ya wazi. Likikataa kabisa, ni LSD ya klachi. Torsen hukudanganya katika jaribio hili, kwani bila mzigo hujifanya difu ya wazi. Hapo utegemee namba ya modeli.

Na ujue kwamba aliyekuwa na gari kabla yako huenda alifunga LSD ya Cusco au Kaaz. Hapo kitabu cha gari hakina kauli tena. Anayefuatwa ni aliyetengeneza hiyo LSD.

75W-90, 80W-90, 85W-140. Kwa joto la Mombasa niweke ipi?

Namba ya kwanza, ile yenye W, inahusu baridi. Oili ya 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Hapa Kisiwani hata usiku wa Julai hatukaribii huko, wala Limuru haifiki. Kwa hiyo usiilipie 75W kwa ajili ya baridi. Unailipia kwa sababu oili za 75W kwa kawaida ni sinthetiki, na sinthetiki hustahimili joto muda mrefu.

Namba ya pili ndiyo yetu: uzito wa oili ikiwa na moto wa nyuzi 100. Kama kitabu kinasema 90, weka 90. Uzito wa 140 ni kwa difu iliyotajiwa hivyo, kama ya M3 ya E46 iliyoundwa kwa 75W-140, au gari linalokwenda mashindanoni. Kuweka 140 "kwa sababu Mombasa ni joto" huifanya difu isukume uji siku nzima. Gari linakuwa zito, na wese linakwenda.

GL-4 na GL-5 zina tofauti gani?

GL-5 ina kemikali za shinikizo nyingi zaidi, na difu za haipoidi zinaihitaji. GL-4 ni ya giaboksi nyingi za mkono, ambazo zina pete za shaba zinazoweza kuliwa na baadhi ya GL-5. Kwenye difu, GL-5. Mtego uko kwenye Subaru: giaboksi yake imebeba difu ya mbele, kwa hiyo Subaru wenyewe hutaja GL-5. Ukimsikiliza anayesema "giaboksi zote ni GL-4", difu ya mbele ndiyo italipa.

Fundi anasema oili namba tisini ni namba tisini, haina tofauti.

Kwa pikapu ya kubebea nazi ana haki. Kwa LSD hana. Tisini ni uzito tu. Haisemi kama ni GL-4 au GL-5, wala kama ina dawa ya klachi. Nunua mwenyewe, mpelekee fundi ikiwa imefungwa, na usimame naye.

Dawa ya LSD ni lazima?

Kwa LSD ya klachi, ndiyo. Ni kiongezi kinachozifanya sahani ziteleze taratibu badala ya kushikana na kuachiana kwa mishtuko. Chupa zenye herufi LS zimeshachanganywa, usiongeze nyingine. Dawa ikizidi, sahani zinateleza mno na LSD inageuka difu ya wazi bila wewe kujua. Torsen na difu ya wazi hazihitaji. Ya viskasi nayo haihitaji.

Nitaepukaje oili feki?

Nunua kwa wakala anayejulikana, udai risiti, na uangalie alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), mfuniko na pete yake. Chupa iliyofunguliwa na kupimiwa kwenye mtungi iache, hata bei ikikuita. GL-5 ya kweli ina harufu ya salfa. Isiyonuka chochote itilie shaka.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Jeki, stendi nne au shimo la gereji, karai, matambara, oili, washa (pete za kuzibia nati) mpya za shaba au alumini, na pampu ya mkono au chupa yenye mpira mrefu. Spana inategemea gari: difu nyingi za nyuma za Subaru hufunguliwa kwa ncha ya mraba ya nusu inchi inayoingia moja kwa moja kwenye nati, na nyingine zinataka aleni au nyota. Hakikisha kabla hujalala chini ya gari. Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Subaru nyingi huchukua lita 0.8 nyuma, na difu kubwa kubwa hupita lita moja. Nunua lita mbili, iliyobaki itakufaa.

Ombi moja: usipandishe gari juu ya yale matofali ya mawe ya kuchimbwa tunayojengea nyumba. Jiwe la pwani ni laini, hupasuka bila kutoa ilani.

Kwa nini wanasisitiza nati ya juu (ya kujazia) ifunguliwe kwanza?

Kwa sababu ukimwaga ya chini, halafu ya juu ikagoma, gari limekufa hapo hapo: halina oili na huna pa kuitilia. Ya juu ikigoma kabla hujamwaga, unaweza bado kuendesha hadi kwa fundi mwenye moto wa gesi.

Naifanyaje hatua kwa hatua?

Endesha dakika 15 au 20 ili oili ipate moto ilainike. Inua gari likae sawasawa, mbele na nyuma, kwani likiinama kipimo kitakuwa cha uongo. Zima injini. Kwenye gari lenye LSD, kamwe usiiache injini ikizungusha magurudumu huku moja liko hewani na lingine liko chini. Lililo chini litalisukuma gari litoke kwenye jeki.

Safisha kuzunguka nati zote mbili kabla ya kuzigusa, mchanga wa Bamburi usiingie ndani. Legeza ya juu, kisha ya chini, uiache oili ishuke hadi ibaki matone. Jihadhari na egzosi, nayo ina moto. Iangalie oili, iangalie na sumaku iliyo kwenye nati ya chini (tazama swali la sumaku hapa chini), futa, weka washa mpya, rudisha nati ya chini. Kaza kwa kipimo cha kitabu, si kwa bomba refu. Kwenye baadhi ya magari haya kasha au mfuniko wake ni alumini, na uzi wake ukishaliwa unatafuta fundi wa kutia uzi mpya.

Jaza kupitia tundu la juu hadi oili ianze kurudi yenyewe. Subiri dakika chache itulie, ongeza tena, funga. Kipimo ni ukingo wa chini wa tundu. Anayetaka kuzidisha "kwa usalama" atakuta oili ikitoka kwenye kipumulio na kwenye sili baada ya safari moja ya Voi.

Nati imeshika kutu, haizunguki.

Piga dawa ya kutu, acha usiku kucha, kisha igonge kwa nyundo ndogo mara kadhaa kabla ya kujaribu. Joto la gesi huifungua karibu kila mara, lakini liwe mikononi mwa fundi, mbali na sili na tangi. Usiendelee na spana iliyokwisha kuteleza. Ukiuviringa mraba, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili.

Sumaku imetoka na matope ya kijivu. Nimekwisha?

Hapana. Unga laini mfano wa wanja ni uchakavu wa kawaida, na kwenye LSD ya klachi oili nyeusi nayo si ajabu. Kinachotisha ni vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha: magamba, ncha za meno, vijipande vya beringi. Ukiviona, usifunge na kuomba Mungu. Difu ifunguliwe.

## Maji na chumvi

Nilipita kwenye mafuriko ya mvua za Aprili. Maji yanaingiaje ndani ya kitu kilichofungwa?

Kupitia kipumulio, kijitundu chenye kofia juu ya kasha kinachoachia hewa ya moto itoke. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikizama kinanyonya maji. Kikiwa kimeziba, sili ndizo zinazovuta. Magari haya yameshushwa chini, kwa hiyo maji ambayo matatu inayapita bila wasiwasi yanafika kwenye difu yako. Yakifika katikati ya gurudumu, kagua oili wiki hiyo hiyo.

Oili imetoka kama maziwa.

Hayo ni maji. Mwaga, jaza oili ya bei nafuu ya GL-5, endesha taratibu kilomita chache, mwaga tena, ndipo utie ile nzuri. Ikitoka bado na weupe, rudia. Maji ya chumvi hayasubiri: beringi zikishapata vidoa vya kutu zitalia, na oili mpya haitazinyamazisha. Safisha kipumulio siku hiyo hiyo, usije ukarudia kazi mwezi ujao.

Ninaishi Nyali na kila siku navuka Likoni. Chumvi inaathiri difu?

Ndani haiathiri. Nje inakula nati, mabano na mabomba. Bamvua likijaa, njia ya kushukia ferini huwa na maji ya bahari na magurudumu huyarusha yote chini ya gari. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na upake grisi kidogo kwenye nati ya juu ukishaifunga. Wanaopita barabara ya Dongo Kundu badala ya feri wamepunguza shida hii, ingawa upepo wa kusi huileta chumvi hadi mlangoni.

## Baada ya kazi, na magari yenye mambo yake

Nikikata kona kuingia maegesho, nyuma inagongagonga.

Ni LSD ya klachi ikishikana na kuachiana. Tafuta uwanja mtupu, zungusha gari polepole kwa umbo la nane mara kumi hivi, oili iingie kati ya sahani. Ikiendelea, huenda ulitia oili isiyo na dawa; rudi kwenye swali la dawa ya LSD. LSD za mashindano hugonga kidogo hata zikiwa nzima, na mwenye kuitaka hukubali na kelele zake.

Difu inalia "wuuu" nikikanyaga, inanyamaza nikiachia.

Oili ikiwa pungufu, itie uone. Ikiwa imejaa na bado inalia, ni beringi ya pinioni au meno. Wauzaji wengine huificha sauti hiyo kwa oili nzito mno, na wa zamani walitia hadi unga wa mbao. Ukimwaga oili ya gari ulilonunua karibuni na ikashuka kwa uvivu wa asali huku ina chembechembe, umeshajua ulichouziwa.

Evo yangu ina AYC (mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma). Ni kazi ile ile?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tangu Evo IV ya mwaka 1996, modeli nyingi za GSR zina AYC, na difu yake ya nyuma ina vyumba viwili: kimoja hutaka oili ya haipoidi, kingine ATF (oili ya giaboksi za otomatiki). Nje kuna pampu ya haidroliki yenye ATF yake pia. Fundi akijaza oili namba tisini kila tundu aonalo, klachi za AYC zinaungua. Modeli nyingi za RS hazina mfumo huu, kwa hiyo hakikisha ulichonacho. Kwenye Evo X, pampu hiyo imekaa nyuma karibu na gurudumu na inasifika kwa kuliwa na kutu, basi kwa mtu wa pwani kuiosha ni sehemu ya matengenezo.

Skyline GT-R na R35?

R32 hadi R34 zina difu mbili. Ya mbele imeungana na sampu (bakuli la oili) ya injini lakini ina oili yake na nati zake, na husahauliwa na karibu kila mtu. R35 imebeba giaboksi yake nyuma pamoja na difu, na Nissan waliitajia difu oili ya Motul ya 75W-140 iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Hapo usifanye majaribio ya duka la jirani.

Golf R?

Nyuma kuna vitu viwili: difu yenye oili yake, na klachi ya Haldex (inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) yenye yake, ambayo hubadilishwa kila miaka 3. Kichujio cha pampu ya Haldex nacho kisafishwe, ingawa ratiba haikitaji.

Tairi zinahusiana vipi na oili ya difu?

Ukivaa tairi mpya upande mmoja na iliyokwisha upande mwingine, magurudumu hayalingani mzunguko, na LSD inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Oili inaungua. Kwenye gari la magurudumu manne, tofauti ya mbele na nyuma huiumiza difu ya kati vile vile. Nunua zote nne, au angalau mbili za ekseli moja.

Oili chafu niipeleke wapi?

Irudishe kwenye chupa zake na uipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya, wapo wanaoinunua. Wapo pia wanaoipaka kwenye miti ya kujengea kuzuia mchwa. Ya difu ina salfa na inanuka, kwa hiyo mwambie anayeichukua ni ya nini kabla hajaipaka mlango wa mtu. Mtaroni usiimwage: mitaro ya Kisiwani inaishia Tudor na Kilindini, kwenye maji yale yale tunayovulia.